Huyu Amesomea Wapi? Mafunzo ya Watu Wanaoshika Mashauri ya Watoto

Ikitoka habari ya mtoto aliyeumizwa, swali la kwanza mitandaoni huwa "ustawi wa jamii walikuwa wapi?" Wiki haijaisha, inatoka picha ya ukumbini: watu arobaini, bango nyuma yao, chupa za maji mezani, na maelezo kwamba wamejengewa uwezo kuhusu ulinzi wa mtoto. Ukiziweka habari hizo mbili pamoja una haki ya kuchanganyikiwa. Kama watu hawa wanafundishwa kila leo, mbona makosa ni yale yale ya mwaka juzi?

Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba neno "mafunzo" tumelibebesha vitu visivyofanana hata kidogo. Kozi ya miaka mitatu ni mafunzo. Semina ya siku mbili ni mafunzo. Kukaa na msimamizi wako saa nzima mkifungua jalada moja moja nako ni mafunzo, ingawa hakuna anayekuja kupiga picha. Na hayo ya mwisho ndiyo yanayobadilisha namna mtu anavyofanya kazi.

Kwanza, nani ni nani

Kwa sheria ya Tanzania Bara, mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika eneo lake, na anayeubeba wajibu huo kwa niaba ya halmashauri ni afisa ustawi wa jamii. Sheria hiyo hiyo inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aitoe kwa serikali ya mtaa wake. Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2011.

Neno la pili la kuelewa ni "shauri". Hapa si lazima liwe la mahakamani. Shauri la mtoto ni kazi yote inayofanyika tangu taarifa ya kwanza inapopokelewa mpaka jalada linapofungwa, na mashauri mengi hayafiki kabisa kwa hakimu.

Afisa ustawi huchanganywa sana na afisa maendeleo ya jamii. Kuna sababu: ofisi zao zinaweza kuwa mlango kwa mlango, na kwenye kata isiyo na afisa ustawi, afisa maendeleo ndiye anayeletewa kila kitu. Lakini walisomea kazi mbili. Afisa maendeleo anafundishwa kushughulika na makundi: vikundi vya kina mama na vijana, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, miradi, uhamasishaji. Afisa ustawi anafundishwa kukaa na mtu mmoja, au familia moja, katika siku mbaya kuliko zote. Mmoja anaangalia shamba, mwingine anaangalia mche ulionyauka.

Kuna askari wa Dawati la Jinsia na Watoto. Huyu ni polisi, na swali lake ni nani kafanya nini na ushahidi uko wapi. Swali la afisa ustawi ni jingine: leo usiku huyu mtoto analala wapi, na nani anakaa chumba cha jirani? Maswali yote mawili lazima yaulizwe, na mtu mmoja hawezi kuyajibu yote vizuri.

Ngazi ya chini kabisa kuna wajumbe wa kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, zilizowekwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza mwaka 2017/18, kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Kuna pia wahudumu wa kujitolea wanaotembelea kaya, ambao majina yao hubadilika kila mradi unapobadilika. Usiwachanganye na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa kitaifa ulizinduliwa Januari 2024 kwa lengo la kuwafikisha 137,294 ndani ya miaka mitano, wakiwa na mafunzo ya miezi sita. Mhudumu wa afya anaweza kuwa wa kwanza kuona alama mgongoni mwa mtoto. Kuona na kuripoti ni kazi yake. Kuchunguza si kazi yake.

Bara kuna halmashauri 184 na kata zaidi ya 3,900. Kata nyingi hazina afisa ustawi wake, kwa hiyo mtu wa kwanza kumsikiliza mtoto mara nyingi ni mtu aliyepewa siku chache tu za mafunzo. Ndiyo maana suala la nani kafundishwa nini haliwezi kuachwa kwa wataalamu peke yao.

Mafunzo ya aina nne

Ya kwanza ni mafunzo ya awali, yaani ya chuoni. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyoko Kijitonyama, Dar es Salaam, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na siku hizi vyuo vingine navyo vinafundisha fani hiyo. Ngazi zinakwenda kwa namba: ya 4 ni cheti cha awali, ya 5 cheti, ya 6 stashahada, ya 7 na 8 shahada. Mwanafunzi anasoma makuzi ya mtoto, saikolojia, sheria, namna ya kufanya kazi na mtu mmoja, kundi na jamii, halafu anakwenda fildi. Fildi ndiyo inayopima chuo. Palipo na msimamizi mwenye muda, mwanafunzi anarudi amewahi kuandika tathmini na kuandamana na afisa kwenye ziara. Pasipo na msimamizi, anarudi akiwa fundi wa kutoa fotokopi na kupanga foleni ya wazee.

Ya pili ni mafunzo elekezi, anayopewa mwajiriwa mpya: taratibu za utumishi, mfumo wa ofisi, fomu zipi zinatumika, simu ya dawati la polisi ni ipi. Mara nyingi utumishi unafundishwa kwa kirefu na fomu za watoto zinasahaulika, na mtu anajifunza kujaza fomu kwa kuiga fomu ya aliyemtangulia, pamoja na makosa yake.

Ya tatu ni mafunzo kazini: semina, warsha, kozi fupi na mafunzo rejea. Haya ndiyo ya kwenye picha.

Ya nne ni usimamizi wa kitaaluma, ambao sekta ya afya imezoea kuuita usimamizi shirikishi. Mtu mwenye uzoefu anapitia kazi ya mwenzake, jalada kwa jalada, kwa ratiba inayojulikana. Ukifikiria gari: chuo ni kitabu cha alama za barabarani, semina ni video ya ajali, na usimamizi ni mwalimu aliyekaa kiti cha abiria mguu ukiwa karibu na breki. Hakuna anayempa mtu daladala kwa sababu ameangalia video.

Ujuzi wenyewe ukoje

Tuchukue ujuzi mmoja na kuuangalia kwa karibu: kuzungumza na mtoto anayedhaniwa ameumizwa. Kwa mbali ni jambo jepesi, kila mtu mzima ameshaongea na mtoto. Tuseme mwalimu ameleta taarifa ya mwanafunzi wa miaka saba. Asiyefundishwa anaanza hivi: "Usiogope mwanangu. Ni baba ndiye aliyekupiga, eeh?" Mtoto anatikisa kichwa kukubali. Shauri limeharibika kabla chai haijapoa.

Limeharibika kwa sababu mtoto wa kwetu amelelewa kumkubalia mkubwa. Ukimpa jibu ndani ya swali, atakurudishia jibu lako kwa adabu. Anayejua kazi anaanza kwa kuweka kanuni: "Kama hujui, sema sijui. Nikikosea, nirekebishe." Halafu anazijaribu: "Nikisema wewe una miaka kumi na mitano, utaniambiaje?" Mtoto akicheka na kusema "hapana, nina saba," ameshajifunza kwamba hapa mkubwa anaweza kurekebishwa. Baada ya hapo ni maswali mapana: "Niambie kilichotokea." "Halafu ikawaje?" "Umesema alifunga mlango. Niambie zaidi kuhusu hapo." Anatumia maneno ya mtoto mwenyewe, na haulizi "kwa nini", maana "kwa nini hukupiga kelele" masikioni mwa mtoto ni lawama tupu. Wala haahidi siri. Anasema mapema kwamba yapo mambo ambayo atalazimika kuwaambia watu wanaoweza kusaidia.

Kiswahili nacho kina mitego yake, na hii haimo katika miongozo iliyoandikwa Ulaya. Mtoto akisema "alinishika," kitenzi hakijasema kama ni mwanaume au mwanamke. Afisa anayeandika ripoti kwa Kiingereza analazimika kuchagua. Akichagua kwa kukisia, ripoti imeshaelekeza kidole ambako mtoto hakuelekeza. Neno "baba" ni hivyo hivyo: linaweza kuwa baba mzazi, baba mdogo, baba mkubwa, baba wa kambo au baba mwenye nyumba. Swali sahihi ni "Baba yupi? Watu wengine nyumbani wanamwitaje?" Na kuna maneno "tabia mbaya," ambayo watoto wengi hutumia kuficha jambo la aibu. Yanaweza kuwa ukatili wa kingono, yanaweza kuwa matusi, yanaweza kuwa kuiba sukari. Anayesikia "alinifanyia tabia mbaya" na kuandika "alimbaka" bila kumpa mtoto nafasi ya kueleza, amempa wakili wa utetezi zawadi.

Kama ni ukatili wa kingono, pembeni ya mazungumzo kuna saa inayokimbia. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72 tangu tukio, na mapema ndani ya muda huo ni bora kuliko mwisho wake. Dawa za dharura za kuzuia mimba, kwa msichana aliyefikia umri huo, zina dirisha la hadi saa 120. Kwa hiyo aliyefundishwa vizuri hamhoji mtoto kwa saa tatu ofisini. Anapata yale machache ya kutosha kuchukua hatua, kisha safari ni ya hospitali, kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono kama kipo, ambako afya, polisi na ustawi wanapatikana chini ya paa moja ili mtoto asisimulie mara nne. Mtoto haogeshwi kwanza. Nguo zinawekwa kwenye mfuko wa karatasi au bahasha ya kaki, kila moja peke yake, wala si kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu plastiki inafungia unyevu na ushahidi unaoza. Mambo haya mawili, kuoga na plastiki, yanasemwa karibu kila semina, na bado yanakosewa, kwa kuwa wa kwanza kumfikia mtoto ni bibi au jirani ambaye hakuwa ukumbini.

Ujuzi wa pili ni wa kuchosha na hauna hadithi ya kusisimua: kuandika. Jalada zuri lina taarifa ya awali, tathmini, mpango, barua za rufaa pamoja na mrejesho wake, kumbukumbu za ziara, na ukurasa wa kufunga unaosema kwa nini linafungwa. Fungua majalada kumi na utaona yanapofia: kwenye mpango. "Familia ielimishwe na kufuatiliwa" si mpango, maana haina mtu wala siku. Mpango ni "shangazi atampeleka kliniki Jumanne, afisa atampigia simu Jumatano saa nne, mwalimu wa darasa ataandika mahudhurio ya wiki mbili." Mpango wa namna hii unaweza kushindwa, na ukishindwa utajua siku gani ulishindwa na nani aulizwe. Rufaa nayo haijakamilika barua ilipotoka. Inakamilika mtu wa upande wa pili anaposema amempokea.

Semina inapopotelea

Sasa turudi ukumbini. Semina si kitu kibaya. Sheria ikibadilika au fomu mpya ikitoka, njia ya haraka ni kuwaita watu na kuwaeleza. Tatizo ni kuitumia kufundisha ujuzi wa mikono na masikio, na matatizo yenyewe yanafahamika.

La kwanza ni mafunzo ya kushushiana. Wakufunzi wa taifa wanapewa siku kumi; wao wanawapa wa mkoa siku tano; wa mkoa wanawapa wa kata siku mbili; wa kata anasimama kwenye mkutano wa kijiji kwa dakika ishirini kabla ya ajenda ya barabara. Ni chai inayoongezwa maji kila chumba inapopita. Na linaloanza kukatwa siku zinapopungua ni mazoezi, maana yanakula muda. Vifungu vya sheria vinabaki, kwa kuwa vinasomeka haraka. Kwa hiyo aliye karibu zaidi na mtoto anapata nadharia nyingi na mazoezi sifuri, kinyume kabisa cha anachohitaji.

La pili ni nani anayetumwa. Mwaliko unafika ofisini Jumatatu, semina ni Jumatano, una posho ndani yake. Anakwenda aliye na nafasi, au aliye karibu na mwenye kusaini, au ambaye hajaenda muda mrefu. Mwenye mashauri thelathini mezani anabaki, maana nani atayashika? Halafu aliyekwenda anahamishwa wilaya baada ya miezi minne, anaondoka na cheti na makabrasha.

La tatu ni kuchanganya watu wa kazi tofauti kwa mada moja. Kumkutanisha askari, mwalimu, muuguzi na afisa ustawi ni jambo zuri kwa somo la nani anampigia nani simu. Kwa somo la kumhoji mtoto ni hatari. Mwalimu anarudi shuleni akiamini sasa anaweza kuhoji, na mtoto atakapofika kwa afisa atakuwa ameshasimulia mara mbili, mara zote kwa maswali ya kuongoza.

Kozi fupi inayofanya kazi inajulikana kwa macho. Washiriki ni ishirini au ishirini na tano, hawafiki sitini. Nusu ya muda au zaidi watu wako watatu watatu wakifanya mazoezi, mmoja akiwa mtoto, mwingine afisa, wa tatu akihesabu maswali mangapi yalikuwa mapana na mangapi ya kuongoza. Kuhesabu huko kunaumiza. Mtu mwenye miaka kumi na tano kazini anagundua kwamba katika maswali kumi, saba alikuwa anajijibu mwenyewe. Lugha ya mazoezi ni ile atakayotumia na mtoto, hata kama slaidi ni za Kiingereza. Na kozi haiishi siku ya cheti: baada ya mwezi au miwili kila mshiriki anarudi na jalada moja, majina yakiwa yamefutwa, linapitiwa mbele ya wenzake.

Mafiga matatu ya usimamizi

Alfred Kadushin, Mmarekani aliyeandika sana juu ya usimamizi wa wafanyakazi wa ustawi tangu miaka ya 1970, aliugawa katika kazi tatu: utawala, elimu na kumtegemeza mtu. Kwetu ni rahisi kuyaona kama mafiga. Ukiondoa moja chungu kinamwagika. Utawala ni kuhakikisha ziara zimefanyika na fomu zimejazwa. Elimu ni kuuliza "ungelifanyaje tofauti?" Kumtegemeza ni kumuuliza mtu analala vipi baada ya shauri la wiki iliyopita.

Kwenye ofisi nyingi linalobaki ni figa moja tu, la utawala. Msimamizi anauliza takwimu za robo mwaka, anapewa, basi. Kikao chenyewe hakihitaji fedha nyingi: saa moja kila wiki mbili, mlango umefungwa, simu zimezimwa, majalada matatu mezani. Moja linalokwenda vizuri, moja lililokwama, na moja ambalo mhudumu anaogopa kulifungua. Hilo la tatu ndilo la muhimu. Kuna mashauri ambayo mhudumu anayazunguka: nyumba yenye mwanaume mkali, familia anayosali nayo, mtoto anayefanana na wa kwake. Hakuna takwimu ya robo mwaka itakayoonyesha hilo.

Kwamba usimamizi ndio unaoshikilia ujuzi si maneno ya ukumbini tu. Mwaka 2002 Michael Lamb na wenzake, waliotengeneza utaratibu maarufu wa kuwahoji watoto kwa maswali mapana, walichapisha matokeo ya kufuatilia wahoji waliofundishwa vizuri na kupewa mrejesho wa mara kwa mara juu ya mahojiano yao. Wakiwa chini ya usimamizi walihoji vizuri. Usimamizi ulipokoma, ndani ya miezi sita walikuwa wameanza kurudi kwenye maswali ya kuongoza. Hawakuwa wamesahau darasa. Walikosa mtu wa kuwasikiliza.

Uingereza walilipa gharama kubwa kulijua hilo. Victoria Climbié, msichana wa miaka 8 aliyetokea Ivory Coast, alikufa London Februari 2000 kwa mateso ya shangazi ya mzazi wake na mwanaume aliyeishi naye. Hospitali, polisi na ofisi za ustawi walikuwa wamemwona. Uchunguzi wa Lord Laming, uliotolewa mwaka 2003, ulihesabu nafasi 12 za kumwokoa zilizopita bure, na lawama nzito ikaelekezwa kwa wakubwa walioshindwa kusimamia waliokuwa chini yao. Baadaye nchi hiyo ikaweka, kuanzia mwaka 2012, mwaka wa kwanza wa kazi wenye ulinzi kwa mhitimu mpya: anapunguziwa mzigo wa mashauri kwa takriban asilimia 10, anapewa vikao vya usimamizi vya mara kwa mara, na mwisho wa mwaka anapimwa. Mwaka huo haujaondoa matatizo yao. Umekubali tu kwamba shahada ni kibali cha kuanza kujifunza kazi.

Kumtegemeza mhudumu mara nyingi kunadhaniwa ni anasa ya nchi tajiri. Angalia matokeo ya kukosekana kwake. Mtu anayesikiliza habari za watoto kuumizwa kila wiki bila pa kuzitua hufanya moja kati ya mawili: anapata ganzi, au anaanza kuota ndoto zao. Mwenye ganzi utamjua ofisini, ni yule anayesema "haya mambo ya kawaida, wayamalize kifamilia." Watu humwita katili. Huenda miaka mitano iliyopita alikuwa analia njiani kurudi nyumbani.

Yanayosemwa, na ukweli wake

"Mwanamke aliyelea watoto sita hahitaji kufundishwa." Kulea kunampa subira, na subira ni mtaji mkubwa. Hakumfundishi kwamba akimkumbatia mtoto na kumwambia "huyo mjomba mshenzi nitamshughulikia," anaweza kumfanya mtoto akane kila kitu, kwa sababu mtoto anampenda mjomba na alitaka jambo moja tu likome.

"Ana miaka ishirini kazini, anajua." Miaka ishirini bila kurekebishwa inaweza kuwa mwaka mmoja uliorudiwa mara ishirini.

"Kazi ya ustawi ni kuwachukua watoto kuwapeleka makao." Hili linatisha familia na kuwafanya majirani wanyamaze. Kwenye mafunzo mazuri makao ni chaguo la mwisho, baada ya mzazi mwingine, ndugu, na familia ya kuaminika. Kenya imelipeleka hilo mbali zaidi kwa mkakati wake wa mwaka 2022 hadi 2032 wa kuwarudisha watoto kwenye malezi ya kifamilia, mwaka ule ule ilipopata Sheria mpya ya Watoto. Mkakati huo unabadilisha hata ujuzi unaotakiwa: mlezi wa makao aliyezoea kupika na kufua kwa watoto hamsini sasa anahitaji kujua namna ya kumtafuta babu aliyeko kijijini, kupima kama nyumba yake inafaa, na kumfuatilia mtoto baada ya kurudi. Ni kazi ngumu kuliko ya mwanzo, na hawezi kuijua kwa kutangaziwa.

"Namba 116 inampigia askari." Hapana. Ni huduma ya simu kwa mtoto, ya bure, ipo Tanzania na Kenya. Anayepokea amefundishwa kusikiliza na kuelekeza shauri kwa afisa wa eneo husika.

Pa kuanzia kuuliza

Mwananchi hawezi kukagua mtaala wa chuo, na hana haja. Anaweza kuuliza kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, kwa heshima, maswali ambayo majibu yake yanaonekana. Mjumbe wetu wa kamati ya ulinzi anaripoti kwa nani, na mara ya mwisho walikaa lini? Mhudumu anayetembelea nyumba zetu akikutana na jambo saa mbili usiku, ana simu ya nani, na nauli ya bodaboda inatoka wapi? Mashauri ya mwaka huu yanatunzwa kwenye kabati lenye kufuli, au yako kwenye begi la mtu?

Kwa diwani, uliza bajeti. Ukumbi, chai, chakula, nauli na posho za watu arobaini kwa siku tatu vina mstari wake kila mwaka. Uliza kama upo hata mstari mmoja wa mafuta na muda wa hewani kwa afisa ustawi kuwafikia wahudumu wake mara moja kwa mwezi na kupitia majalada yao. Pale usipokuwepo, kila semina itakayokuja itakuwa inamfundisha mtu yule yule somo lile lile, na yeye atakuwa mkweli akisema hajawahi kuambiwa alikosea wapi.